Kodi bila risiti: swali la mama wa Bambu na kazi ya mbunge wetu



Baada ya ibada moja huko Bambu, katika eneo la Djugu, mama mmoja alibaki nyuma akingoja watu watoke. Yeye anauza ndizi na mafuta ya mawese, na siku za soko anazipeleka Bunia kwa pikipiki. Alikuwa na swali moja tu: "Baba Mchungaji, pale kwenye kamba nikilipa nalia, nikikataa naogopa. Siku nyingine tunapita njia ya porini tusionekane. Je, nikijificha nisilipe, nimetenda dhambi?"

Tulimjibu upesi, kama wachungaji tulivyozoea. Tulimkumbusha neno la Bwana juu ya Kaisari, tukamtajia Warumi 13, tukaomba pamoja naye. Akasema "Amina", akaenda. Lakini jibu letu lilitusumbua njia nzima ya kurudi, kwa sababu mama hakuuliza kama Kaisari apewe haki yake. Aliuliza kama yule mtu aliyeshika kamba ndiye Kaisari. Swali hilo hatukuwa tumelijibu.

Tumeona vema tulijibu hapa, mbele ya makusanyiko yetu yote ya mashariki, maana si swali la Bambu peke yake. Linaulizwa Mongbwalu, Mahagi, Beni, Butembo na Uvira. Na ni swali linalowagusa wabunge wetu, kwa kuwa kodi katika nchi hii inazaliwa kwao, na hesabu ya kodi inapaswa kuulizwa nao.

Neno "kodi" na harufu yake

Tukiri kwanza kwamba kwetu neno hili lina historia mbaya. Dhahabu ya Kilo ilionekana mwaka 1903, na tangu 1905 wakoloni walianza kuichimba. Kazi ilitaka mikono, na mikono haikuja kwa hiari. Serikali ya Kibelgiji ilipodai kodi ya kichwa ilipwe kwa fedha, mwanaume asiyekuwa na fedha alilazimika kwenda kuitafuta kazini, na kazi mara nyingi ilikuwa ni kwa mzungu au mgodini. Kwa hiyo babu zetu hawakuijua kodi kama mchango wa kujenga nchi. Waliijua kama fimbo ya kumtoa mtu shambani mwake.

Uhuru ulikuja, kampuni ya Kilo-Moto ikabadilishwa jina mara kadhaa, na Bambu ikabaki na majengo ya zamani ya mgodi, yakikumbusha utajiri uliopita hapa. Kisha zikaja vita. Watu wa Bambu wamekimbia na kurudi, na wengine hawajarudi hadi leo. Mtu aliyepita katika hayo yote, ukimwambia "lipa kodi", anasikia "toa ulichobakiwa nacho". Tusimlaumu haraka.

Lakini hatuwezi kuishia hapo. Hospitali, barabara, mshahara wa mwalimu na wa askari, vyote vinatoka katika kodi. Nchi isiyokusanya kodi haiwezi kuwalinda watu wake, na sisi wa Ituri tunajua kuliko wengi maana ya kukosa ulinzi. Kwa hiyo hatuulizi kama kodi iwepo. Tunauliza ni ipi iliyo kodi kweli, na nani anayetoa hesabu yake.

Nani Kaisari kwenye kamba?

Katiba yetu ya 18 Februari 2006, katika kifungu cha 174, inasema mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, hakuna kodi inayoweza kuwekwa isipokuwa kwa sheria. La pili, kuchangia mizigo ya taifa ni wajibu wa kila mtu anayeishi Kongo. Wakuu wanapenda kutukumbusha la pili na kunyamaza juu ya la kwanza. Wananchi nasi tunapenda la kwanza na kusahau la pili. Katiba imeyaweka katika kifungu kimoja, na Mkristo anapaswa kuyashika yote mawili.

Tena, tangu 13 Machi 2018 kuna ordonansi-sheria namba 18/004, iliyoandika orodha ya kodi, haki na malipo ambayo jimbo na kolektivite zinaruhusiwa kudai, na jinsi ya kuyagawa. Maana yake ni rahisi. Kama malipo hayamo katika orodha, hayana msingi, hata kama anayeyadai amevaa nguo za Leta. Na kama yamo katika orodha, anayelipa anapaswa kupewa risiti, na fedha inapaswa kufika katika hazina inayojulikana.

Sasa tupime kamba ya barabarani kwa kipimo hicho. Mwaka 2017 watafiti wa shirika la IPIS la Ubelgiji walihesabu vizuizi 798 katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini tu. Walikuta vya askari, vya watumishi wa serikali, na vya makundi yenye silaha. Kwa mwenye mzigo tofauti ni ndogo, kwa sababu wote wanaomba mkono mtupu. Huku kwetu Djugu hatuhitaji mtafiti wa kutueleza. Mama anayetoka Bambu anaweza kusimamishwa na watu wa aina zaidi ya moja kabla hajafika sokoni, na kila mmoja anaita anachokitaka "kodi", "kahawa" au "usalama".

Yohana Mbatizaji alilikuta jambo hili hili. Katika Luka 3:12-13, watoza ushuru walimwendea wakauliza wafanye nini. Hakuwaambia waache kazi ya kukusanya. Aliwaambia wasidai zaidi ya kiasi kilichoamriwa. Hata askari walipouliza, aliwaonya wasinyang'anye mtu kwa nguvu, watosheke na mshahara wao. Yaani Biblia inajua kutenganisha kodi na unyang'anyi. Kinachotenganisha ni amri iliyoandikwa: kiasi kinachojulikana, kilichowekwa na mwenye mamlaka ya kukiweka.

Siku mbunge alipouliza

Wako wanaosema, "Hata tukijua sheria, itasaidia nini? Wabunge ni wale wale." Tunaelewa uchovu huo. Lakini kuna jambo lililotokea si zamani ambalo kila mwenye simu analikumbuka, na linafaa kufikiriwa tena.

Mwaka 2020 ilianza kukatwa fedha katika simu zetu kwa jina la RAM, yaani daftari la vifaa vya mkononi. Mwenye simu ndogo alikatwa dola 1 kwa mwaka, na mwenye simu ya intaneti ya kasi dola 7. Ilikatwa kidogo kidogo katika vocha. Ulinunua vocha ukitaka kumpigia mgonjwa, ukakuta imekwisha kuliwa. Watu walilia nchi nzima, kutoka Kinshasa hadi vijijini. Vijana wa LUCHA waliandamana. Serikali ilisema kwamba si kodi, ni malipo ya huduma. Lakini mwananchi alijiuliza: huduma gani, na nani aliyeiomba?

Ndipo mbunge wa taifa Claude Misare, aliyechaguliwa Uvira, akamwandikia Waziri wa Posta na Mawasiliano, Augustin Kibassa Maliba, swali la mdomo lenye mjadala. Hicho ni chombo ambacho Katiba inampa kila mbunge katika kifungu cha 138. Mbunge haandiki swali hilo kwa huruma ya mtu. Ni haki ya kazi yake. Oktoba 2021 kikao kilichafuka, wabunge wakapiga kelele, waziri akatoka ukumbini. Haikuwa picha nzuri. Hata hivyo swali lilikuwa limekwisha kuulizwa mbele ya taifa, na halikuweza kumezwa tena. Mwishoni mwa Februari 2022 serikali ikatangaza kwamba RAM imeondolewa.

Tusitie chumvi. Mbunge mmoja hakuiangusha RAM peke yake. Kilio cha watu, vijana, waandishi wa habari na wabunge wenzake vyote vilisaidia. Wala hakuna aliyerudishiwa vocha zake. Lakini tunajifunza neno moja la maana: fedha iliyokuwa ikikatwa bila sheria ya Bunge ilisimama pale mtu mwenye haki ya kuuliza alipouliza, akiwa na ushahidi ambao kila raia alikuwa nao katika simu yake.

Tumeona pia kwa jirani zetu wa Kenya jinsi inavyokuwa swali linapochelewa. Muswada wa fedha wa 2024 ulipitishwa na wabunge huku wananchi wakipinga kodi zake mpya. Tarehe 25 Juni 2024 vijana waliingia katika Bunge la Nairobi, watu wakauawa kwa risasi, na siku iliyofuata Rais Ruto akasema hatausaini. Muswada ulianguka, lakini waliokufa hawakurudi. Afadhali mbunge asikie kilio mapema, ndani ya ukumbi, kuliko kulazimishwa kukisikia barabarani.

Jimbo lisilo na mwulizaji

Hapa ndipo Ituri inatofautiana na majimbo mengine, na hapa ndipo uchungu wetu ulipo.

Tangu 6 Mei 2021 tuko chini ya hali ya dharura ya kijeshi pamoja na ndugu zetu wa Kivu ya Kaskazini. Gavana ni mwanajeshi. Ordonansi ya 3 Mei 2021 ililiweka kando bunge la jimbo, na kazi zake zikahamia kwa wakuu wa kijeshi. Lengo lilikuwa kurudisha amani upesi, na wengi wetu tuliomba na kufunga ili lifanikiwe. Hatuwadharau askari waliokufa kwa ajili yetu.

Lakini tuliangalie jambo hili upande wa kodi. Katika jimbo la kawaida, bajeti ya jimbo inapigiwa kura na wabunge wa jimbo. Wao wanaweka viwango kwa sheria za jimbo. Wao wanamwita gavana kumwuliza: mwaka jana mlikusanya kiasi gani, mkajenga nini? Hapa kwetu anayedai kodi yupo, anayeitumia yupo, ila anayeuliza ameambiwa angoje. Hata gavana akiwa mtu mwema sana, nyumba isiyo na mtu wa kuhesabu inazoea kutohesabu.

Agosti 2023 kulifanyika meza ya mazungumzo Kinshasa juu ya hali hii, na sauti nyingi kutoka majimbo haya mawili ziliomba iondolewe. Tarehe 12 Oktoba 2023 Rais wa Jamhuri alitangaza kwamba italegezwa hatua kwa hatua. Mbunge wa Bunia Gratien Iracan ni mmoja wa waliosema mara nyingi kwamba iondolewe. Wako wengine, hata kati ya waumini wetu, wanaoogopa kwamba ikiondolewa haraka hali itakuwa mbaya zaidi. Kanisa halina kura moja katika jambo hili, na hatutawalazimisha ninyi kuwa na moja.

Tunasema tu hivi: Katiba inataka hali hii iongezwe kwa siku 15 tu kila mara, kwa ruhusa ya Bunge. Maana yake ni kwamba kila siku 15 mbunge wetu wa taifa ana nafasi ya kusimama na kuuliza. Asiulize habari za vita peke yake. Aulize pia: kodi iliyokusanywa Ituri katika muda huu imekwenda wapi? Kama bunge la jimbo limenyamazishwa, basi mzigo wa kuuliza umehamia kwake. Akinyamaza naye, hakuna mwingine.

Fedha zinazopaswa kurudi

Kifungu cha 175 cha Katiba kinasema kwamba sehemu ya mapato ya taifa iliyo haki ya majimbo ni asilimia 40, na kwamba izuiwe pale pale inapokusanywa. Yaani jimbo lisingoje kutumiwa kutoka Kinshasa. Na sheria zinataka kolektivite, sekta, miji na komuni zipate asilimia 40 ya fungu hilo la jimbo. Ni karibu miaka 20 sasa, na desturi imebaki kinyume: fedha zinapanda Kinshasa kwanza, kisha zinarudi pungufu, kwa kuchelewa, au hazirudi. Magavana wa pande zote wamelalamika, na wabunge wa vyama vyote wanalijua jambo hili.

Angalieni matokeo yake hapa chini. Shefu wa kolektivite asiyepokea fungu lake anafanyaje? Anao watumishi, anayo ofisi, anao wageni. Anatafuta fedha pale zinapopita, yaani barabarani na sokoni. Kwa hiyo kamba inayomliza mama wa Bambu imefungwa ncha moja Djugu, na ncha nyingine Kinshasa. Tukimlaumu kijana aliyeishika peke yake, tunaona nusu tu ya kamba.

Ni vivyo hivyo katika dhahabu. Sheria ya madini iliyorekebishwa 9 Machi 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa kolektivite ambako mgodi uko, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Ni sheria nzuri kwa karatasi. Ila inamhusu mwenye mgodi anayetangaza anachozalisha, kama mgodi wa Kibali huko Haut-Uélé. Dhahabu ya Bambu inatolewa kwa jembe, sululu na karai, inauzwa kwa gramu, na nyingi yake inavuka mpaka kimya kimya kwenda Uganda. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika hivyo mara nyingi. Dhahabu iliyopita gizani haileti asilimia 15 kwa mtu yeyote. Hapo kolektivite inarudi tena kwa mama mwenye ndizi, kwa sababu ndizi haiwezi kufichwa mfukoni.

Tuseme neno gumu hapa. Baadhi ya wanunuzi wa dhahabu hiyo wako katika makusanyiko yetu. Wengine wanatoa sadaka kubwa, na tunawapa viti vya mbele. Mzigo ambao tajiri anaukwepa unaangukia mabega ya maskini. Hatuwezi kumhubiria mama wa ndizi Warumi 13 na kumnyamazia mwenye dhahabu.

Miswada gani inakula muda wa Bunge?

Katiba inampa kila mbunge na kila seneta haki ya kupendekeza sheria, si serikali peke yake. Pendekezo linapelekwa kwanza kwa serikali, ambayo ina siku 15 za kutoa maoni yake, kisha linajadiliwa. Kuna mpaka mmoja wenye hekima: pendekezo likipunguza mapato ya nchi au kuongeza matumizi, lazima lioneshe fedha ya kuziba pengo itatoka wapi. Kwa hiyo mbunge anayekuja kwenye mkutano akasema, "Nitafuta kodi zote", aulizwe: utaweka nini mahali pake?

Je, haki hiyo inatumiwa kwa ajili ya nini? Tunakumbuka Julai 2021, mbunge Nsingi Pululu alipopeleka pendekezo lililojulikana kama sheria ya Tshiani, likitaka rais wa nchi awe mtu aliyezaliwa na baba na mama Wakongomani. Nchi nzima ililigombania kwa miezi. Mpaka uchaguzi wa Desemba 2023 halikupitishwa, lakini liliacha majeraha. Sisi wa Ituri, tulioona watu wakiuawa kwa sababu ya kabila la mama yao au la baba yao, tunajua maneno kama hayo yanavyowaka. Wakati huo wote, ni mbunge gani aliyeleta pendekezo la kuadhibu vikali anayefunga kamba bila sheria? Ni nani aliyeleta mpango wa kuilazimisha hazina kutoa zile asilimia 40?

Hatumhukumu mtu moyoni mwake. Tunahesabu matunda tu. Utendaji mzuri wa serikali haupimwi kwa wingi wa sheria. Unapimwa na jinsi zilizopo zinavyofika Bambu.

Sanduku la Yoashi

Kuna habari katika 2 Wafalme 12 ambayo tunaomba kila halmashauri ya kanisa iisome. Mfalme Yoashi aliagiza fedha za hekalu zitumike kutengeneza nyumba ya Bwana. Miaka ilipita, makuhani wakapokea fedha, nyumba ikabaki na mabomoko yake. Hawakuwa watu wa mataifa. Walikuwa makuhani wa Mungu. Mfalme hakuishia kuwakemea. Alibadilisha utaratibu. Likawekwa sanduku lenye tundu juu, mahali pa wazi karibu na madhabahu. Lilipojaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walikuja pamoja, wakahesabu pamoja, wakafunga mifuko, wakawapa mafundi. Nyumba ikatengenezwa.

Tazameni: fedha inaonekana ikiingia, wanaohesabu ni wawili wasio wa ofisi moja, na kazi inaonekana ikitoka. Hayo ndiyo tunayoiomba serikali. Sheria iliyopigiwa kura, risiti yenye namba, hazina yenye hesabu, na kazi inayoonekana.

Lakini sanduku hilo lilikuwa hekaluni kabla ya kuwa mahali pengine. Ni makusanyiko mangapi kati yetu yanayosomewa hesabu ya sadaka kila mwezi? Ni wachungaji wangapi wanaoshika ufunguo wa sanduku peke yao? Paulo, katika 2 Wakorintho 8:20-21, alipopeleka mchango wa makanisa, hakutaka kwenda peke yake, ili asilaumiwe. Kama Paulo aliogopa kulaumiwa, sisi ni nani? Mchungaji asiyetoa hesabu hawezi kumwuliza gavana hesabu. Atachekwa, na kwa haki.

Jibu letu kwa mama

Tulirudi Bambu. Hatukuwa na jibu lililokamilika, lakini tulimwambia hivi, na tunawaambia ninyi nyote.

Mama, palipo na sheria, na risiti, na ofisi inayojulikana, lipa. Lipa bila kujificha, hata kama hupendi jinsi fedha inavyotumiwa. Kulipa ni utii, na kudai hesabu ni utii vilevile.

Pasipo na sheria wala risiti, pale unapotoa kwa sababu ya bunduki au fimbo, hujalipa kodi. Umenyang'anywa. Usijihesabie dhambi kwa kutafuta njia nyingine, na usijihesabie haya kwa kutoa ili uokoe uhai wako. Hatukutumi kubishana na mwenye silaha porini. Watoto wako wanakuhitaji.

Kwa kijana aliyeshika kamba, na tunajua kwamba wengine mliimba kwaya pamoja nasi: neno la Yohana Mbatizaji ni lako. Usidai zaidi ya kilichoamriwa. Kama hakuna kilichoamriwa, acha kamba. Njaa yako tunaijua, na kanisa linapaswa kukaa nawe kutafuta kazi nyingine. Lakini hatutaibariki kamba.

Kwa wazee na mashemasi: kila kusanyiko liwe na daftari. Anayelipa kwa risiti alete risiti, iandikwe tarehe, kiasi, na jina la malipo. Anayetozwa bila risiti, iandikwe vilevile, bila jina lake, ili asipate hatari. Baada ya miezi mitatu wachungaji wakusanye madaftari, wahesabu, waandike barua moja. Wabunge hukutana kuanzia 15 Machi hadi 15 Juni, na kuanzia 15 Septemba hadi 15 Desemba, na hiki kikao cha pili ndicho cha bajeti. Barua imfikie mbunge kabla ya Septemba, wala isiwe na matusi. Iwe na hesabu. Swali la RAM lilikuwa na nguvu kwa sababu kila mtu alikuwa na ushahidi katika simu yake. Swali la kamba litapata nguvu kwa daftari la mama.

Na mbunge anapokuja kuomba kusalimia kanisa, tumkaribishe kwa heshima, kama desturi yetu ilivyo. Akae na wengine, asikie Neno. Baada ya ibada, nje ya madhabahu, wazee wamwulize mambo manne: Ni kodi gani tunazolipa ambazo unajua hazina sheria? Umeuliza nini juu ya zile asilimia 40? Umeleta pendekezo gani la sheria, nalo limefika wapi? Na wewe mwenyewe, unatoa hesabu kwa nani? Asipojibu leo, aulizwe tena atakapokuja. Nehemia 5 inasimulia habari za gavana aliyekataa kula posho ya ugavana miaka 12, kwa sababu aliona mzigo wa watu ulikuwa mzito. Tunaomba Mungu atupe mmoja kama huyo. Tukimpata, tumsaidie kwa karatasi zenye ukweli.

Mama alisikiliza yote hayo. Kisha akafungua kitambaa chake, akatoa vipande vitatu vya karatasi, vimekunjwa mpaka vinakaribia kukatika. Zilikuwa risiti mbili zenye mhuri, na moja iliyoandikwa kwa mkono bila jina wala namba. "Nimezitunza," akasema. "Sikujua ni za nini."

Tumeziandika katika daftari. Ni ukurasa wa kwanza.

Bwana awalinde njiani, awafikishe sokoni, awarudishe nyumbani salama.